Kiingereza cha Wodi ya Wanaume

Wanangu mnaosoma uuguzi, aliyenitia katika kazi hii ya kuandika ni Neema, mwenzenu, anayepanga chumba kwa jirani yangu hapa Machame. Alikuja asubuhi moja nikiwa naanua nguo, simu mkononi, uso umekunjamana.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nani kakuudhi?"

"Kiingereza, bibi. Kile cha kitabuni nakiweza. Lakini hawa madaktari wageni wodini wanaongea vitenzi vyenye mkia. Neno moja moja nalijua. Yakikaa mawili pamoja, silijui hata moja."

Nikacheka mpaka nikadondosha shuka. Nilikuwa sijacheka siku nyingi, na sauti yangu mwenyewe ikanishtua. Nyumba hii ina vyumba vinne na mtu mmoja. Neema akanisihi nimwandikie ninayoyajua, ayapeleke na kwa wenzake darasani. Basi nayaandika, ila msitegemee mpangilio. Mzee hukumbuka kama anavyochuma kahawa, anarukia penye iliyoiva.

Nilikuwa muuguzi miaka thelathini na minne, karibu yote katika wodi ya wanaume ya hospitali moja huku mlimani. Wagonjwa wangu wengi walikuwa wazee wa vihambani, mashamba yetu ya migomba na kahawa, ambao Kiswahili chao kilikuwa cha kusuasua. Madaktari wengi walikuwa wageni wenye Kiingereza tu. Kati yao nilikaa mimi. Hakuna aliyewahi kunifundisha kutafsiri. Niliwekwa pale kama jiwe la kuvukia mto, kila mtu akanikanyaga akapita.

Wiki yangu ya kwanza daktari aliniambia nimuulize mzee mmoja swali dogo: "Did he throw up?" Nilikuwa nimefaulu Kiingereza shuleni. "Throw" ni kutupa, "up" ni juu. Nikamwinamia mgonjwa kwa heshima zote.

"Mzee, daktari anauliza kama umetupa kitu juu."

Mzee akatazama dari. Akatazama mikono yake. "Nitupe nini, mwanangu? Hata uji sijaletewa."

Nikamgeukia daktari, nikasema hapana. Kumbe daktari alitaka kujua kama mzee ametapika, na alikuwa ametapika mara tatu tangu alfajiri. Beseni lilikuwa chini ya kitanda, mbele ya miguu yangu.

Aliyeniokoa ni Metroni Eliaichi, mkubwa wa wauguzi, mwanamke mfupi aliyetembea kama anapiga chapa sakafuni. Aliniita ofisini. Nilidhani nafukuzwa. Akaniuliza, "Wewe ukipiga pasi, pasi inaumia?"

"Hapana, Metroni."

"Ukipiga simu, inalia kwa maumivu? Ukipiga mswaki? Ukipiga deki? Mtoto akipiga chafya, kampiga nani? Kiswahili chako kimejaa ujinga huohuo na hujawahi kuulalamikia. Usilitafsiri neno. Tazama linafanya kazi gani, kisha utafute Mswahili anayefanya kazi hiyohiyo."

Akanipa daftari na sharti moja. Nisiandike neno na maana yake, kwa kuwa maana zilizoandikwa hivyo husahaulika kabla wino haujakauka. Niandike neno na mtu. Nikafanya hivyo. "Come round": Mzee Filipo, aliyetoka upasuaji wa ngiri, akafumbua macho na kuuliza kama kuna mbege, pombe yetu ya ndizi. Maana yake kuzinduka. "Pull through": yule fundi aliyeanguka kutoka mti wa mparachichi, tuliyemkatia tamaa, akapona. "Go down": mguu wa dereva wa trekta, uvimbe wake ulivyonywea.

Msidharau lile neno dogo la mwisho. Ndilo lenye usukani. "Put on" na "put off" ni mtu mmoja aliyebadilisha mkia, lakini la kwanza linavaa na la pili linaahirisha. Na hata mkia ukiwa uleule, kazi hubadilika. "Take off" unavua shati. "Take off" ndege inapaa pale KIA. "Take him off the drip" unamwondolea mgonjwa dripu. Nilimwona muuguzi mpya aliyeambiwa hivyo akimvua mzee shati huku dripu inaendelea kutiririka. Mzee alidhani anapelekwa kuoga.

Wageni nao walikuwa na taabu zao, msije mkajiona nyinyi tu ndio wajinga. Tulikuwa na daktari mmoja Mwingereza, mwanamke mrefu sana aliyeinama kila mlango, tukamwita Dokta Mrefu na mwenyewe akalipenda jina. Alijifunza Kiswahili kwa bidii. Siku moja mke wa mgonjwa alimweleza, "Daktari, umvumilie mume wangu, amekula chumvi nyingi." Dokta Mrefu akaitikia kwa kichwa, akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa apikiwe chakula kisicho na chumvi kabisa. Mzee wa watu alikula mtori chapwa wa ndizi siku nne kwa kosa la kuzeeka. Nilipogundua nikamweleza daktari kwamba chumvi ile ni ya miaka. Alicheka akajifunika uso kwa faili. Kisha akaenda kumwomba mzee radhi, mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika.

Nilimpenda mwanamke yule. Alikuwa mpweke pia, nadhani. Jumapili nilimwona akitembea peke yake barabara ya juu, mikono nyuma, akitazama migomba ya watu.

Sasa niwaambie lile ambalo sikumwambia Neema.

Kulikuwa na chai ya kumuaga mchungaji wa hospitali. Dokta Mrefu alininong'oneza, "I'll slip away before the speeches," kisha nikamwona akipita mlango wa nyuma, kimya, kikombe bado mkononi. Jioni nikaandika kwenye daftari langu: "Slip away": Dokta Mrefu, alitoroka kabla ya hotuba. Nilifurahi. Neno na mtu wake, kama Metroni alivyoagiza.

Miezi kadhaa baadaye tulimlaza Mzee Elinami. Moyo wake ulikuwa umechoka, miguu imevimba, lakini kichwa kilikuwa kigumu kama gogo la mti wa mruka. Wiki ya pili alikutwa getini amevaa gauni la hospitali na viatu vyake vya ngozi, anarudi nyumbani kupogoa kahawa. Tulimrudisha watu watatu. Mkewe, Bibi Manka, alishuka kila asubuhi kwa miguu na chungu cha mtori ndani ya kikapu, akakaa naye mpaka saa nne, akapanda tena kwenda kumkatia ng'ombe majani. Watoto wao walikuwa Arusha na Tanga.

Asubuhi moja Dokta Mrefu alimpima mzee kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mzee alikuwa ametulia, hana ubishi, na mimi nikaona ni nafuu. Dokta akatuvuta mimi na Bibi Manka hadi dirishani. Akasema kwa sauti ya chini, akinitazama mimi, "I'm afraid he's slipping away. Will you tell her, gently?"

Sikusita hata kidogo. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Neno nilikuwa nalo, mtu wake nilikuwa naye. Na mzee alikuwa ameshajaribu mara moja.

Nikamwambia Bibi Manka kwa upole, kwa Kichaga, "Mama, daktari anaogopa kwamba mzee anataka kutoroka."

Bibi Manka akacheka. Alicheka kwa sauti, akapiga kofi paja lake. "Huyu? Namjua tangu akiwa kijana. Ngoja." Akainama chini ya kitanda, akachukua vile viatu vya ngozi, akavitia kikapuni juu ya chungu kitupu. "Bila viatu hafiki hata kwenye maua pale nje. Mimi nakwenda kumkatia ng'ombe majani. Jioni nitarudi."

Dokta Mrefu alimtazama akicheka. Niliona uso wake umeshangaa. Baadaye aliniambia alidhani labda ndivyo tunavyopokea msiba huku mlimani, na nani yeye wa kutuhukumu? Akaweka mkono begani mwa Bibi Manka. Bibi Manka akasema, "Asante, daktari," na akaondoka akiwa bado anatabasamu.

Saa saba mchana Mzee Elinami aliniita. Alikuwa anapapasa sakafuni kwa unyayo.

"Viatu vyangu viko wapi, sista?"

"Mama amevichukua, mzee. Unataka kwenda wapi?"

"Siendi popote. Nataka kujua tu viko wapi." Akapumzika kidogo. "Amekwenda?"

"Amekwenda kukata majani. Jioni atarudi."

"Jioni," akasema. Kama mtu anayepima kitu kwa mkono.

Nikakaa naye, sijui kwa nini. Wodi ilikuwa imejaa na nilikuwa na sindano za kuchoma. Aliushika mkono wangu, nikauacha. Saa tisa alasiri alikuwa amekwisha.

Dokta Mrefu alikuja haraka. Akamfumba macho. Kisha akatazama huku na huku kitandani, akaniuliza, "Mkewe yuko wapi? Kwa nini hakukaa? Ulimwambia, sivyo?"

Ndipo nikaelewa. Hakunieleza mtu. Niliusikia tu ule mkia ukijipinda upande mwingine: kuondoka kimya, ndiyo, lakini kuondoka kule ambako mtu harudi. Nikamweleza daktari nilichotafsiri, neno kwa neno. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda kando ya maiti, yeye na urefu wake wote.

"Ningesema 'dying'," akasema. "Kufa. Neno moja tu. Sisi kwetu tunaliogopa neno hilo, tunalizunguka."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jioni nilimsubiri Bibi Manka kwenye njia, nje ya geti, ili asifike wodini akakuta kitanda kimetandikwa upya. Alikuwa anashuka na chungu cha moto. Aliponiona nje, alielewa kabla sijafungua mdomo. Akakiweka chungu chini, polepole, kwenye majani, asimwage. Nilimpa habari ya kifo. Habari ya kosa langu sikumpa. Nilinyamaza nalo siku tatu hadi mazishi, na nyingine nne baada ya mazishi.

Metroni, aliyekwisha kuambiwa na Dokta Mrefu, ndiye aliyenitoa humo. "Hujalala tangu wiki iliyopita," akasema. "Hapo nyuma ya jiko kuna isale. Kata jani, nenda." Nyinyi wa mbali huenda hamlijui: isale ni ule mmea tunaopanda mipakani mwa vihamba. Ukimkosea mtu unampelekea jani lake, na aliyepelekewa isale hapaswi kukataa msamaha.

Nilimkuta Bibi Manka zizini. Nikampa jani kwa mikono miwili, nikapiga magoti kwenye samadi, na sare yangu nyeupe. Nikamweleza yote. Alisikiliza, jani mkononi, ng'ombe akimlamba kiwiko.

Akauliza, "Yale maneno ya daktari yalikuwaje? Yaseme."

Nikasema, "Slipping away."

"Slipin awei." Akayarudia mara mbili. "Na maana yake ya kwanza ni kutoroka kweli?"

"Ni kutoroka kweli, mama. Ila pale haikuwa hiyo."

Akatazama migomba. "Basi hukukosea sana. Alitoroka." Kisha akausukuma kando uso wa ng'ombe. "Ningemwacha huyu ng'ombe alale na njaa, sista. Ningemwacha hata afe. Na viatu sikumwachia."

Jani alilichukua. Alinisamehe, na alisema hivyo kwa maneno. Lakini nilipokuwa naondoka nilivikuta vile viatu kizingitini, vimepakwa rangi vikang'aa, vimepangwa vikitazama ndani. Nilishuka barabara nikilia, sikujali nani ananiona.

Kwa hiyo haya ndiyo yangu ya kuwafundisha, na yaandikeni kwa ukubwa wa ukurasa. Andika neno na mtu, Metroni alikuwa sahihi. Lakini acha nafasi chini, kwa sababu neno hilo lina watu wengine ambao hujakutana nao. Na kabla hujafungua mdomo kumtafsiria mgonjwa, mwambie daktari aliseme kwa namna nyingine, kwa maneno mafupi. Tangu siku ile nililisema ombi hilo kila siku hadi nilipostaafu. Madaktari vijana walinichoka, mmoja aliniita sista kiziwi. Nikamwacha aniite. Juzi nilimtajia Neema "slip away" bila kisa chake, akaichapa kwenye simu yake mbele yangu, simu ikamjibu "teleza mbali." Simu nayo haijui kuuliza.

Kuna jambo jingine nililofanya, na hili msiige. Nilikiacha Kiingereza getini mwa hospitali. Nje ya wodi sikukitamka tena. Nyumbani sikukisema, kanisani sikukisema, hata binti yangu Upendo alikua akidhani mama yake anajua majina ya dawa tu. Nilikiogopa kama mtu aliyeumwa na mbwa wake mwenyewe.

Watu niliokuwa nao pale wamekwisha. Metroni tulimzika. Dokta Mrefu alirudi kwao, tukaandikiana, kisha barua yangu moja ikarudi na mwandiko nisioujua. Mume wangu ana miaka minne kaburini, hapo chini ya migomba. Upendo anaishi Uingereza, ameolewa na mtu wa huko, mpole, asiyejua Kiswahili zaidi ya "shikamoo mama." Mazungumzo yetu yote, miaka kumi na moja, yamepitia kinywani mwa Upendo.

Mnajua Desemba ya huku. Ni mwezi wa watu kurudi. Magari yanapanda kutoka Moshi mjini usiku na mchana, nyumba zilizofungwa mwaka mzima zinafunguliwa madirisha, mbuzi wa ndafu wanageuzwa juu ya moto kila boma, watoto wa mjini wanapiga kelele kwa sababu wameona konokono. Desemba mbili zilizopita nilipaka nyumba rangi na hakuna aliyekuja.

Mwaka huu, Jumamosi moja mchana, Upendo alipiga simu. Ananieleza habari za kazi yake, nami namenya ndizi. Nikamsikia mumewe nyuma yake: "Have you told her we'll have to put it off again?" Na Upendo, akiwa ameisogeza simu mbali na mdomo: "Not now. I'll get round to it."

"Put off" ni kuahirisha. "Get round to" ni lile jambo unalosema utalifikia, na siku zinapita. Hakuna aliyenipa nafasi ya kuuliza, na sikuhitaji.

Upendo akarudi kwenye simu na sauti ya furaha. "Mama, Desemba tunajitahidi. Mungu akipenda."

Ningeweza kusema amina. Mara mbili nilikuwa nimeshasema amina. Nikaweka kisu chini.

"Don't put it off too long, Upendo," nikasema. "I'm getting on." Maana yake, naenda nazeeka.

Nikadhani mtandao umekatika.

"Mama," akasema baadaye, sauti imekuwa ndogo kama ya mtoto. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Tangu lini unajua..." Hakumaliza. Nilimsikia akilia, na simu ikabadilisha mkono. Mkwe wangu akaja hewani. Alinisalimu shikamoo mama kama kawaida yake, kisha akasita, halafu akaniuliza kwa lugha yake, polepole, kama mtu anayekanyaga daraja asilolijua:

"How are you holding up?"

Swali hilo huulizwa watu wanaobaki. Nililitafsiri kwa wajane na yatima kwenye benchi la nje ya wodi miaka yote ile: je, bado umesimama, bado unajimudu? Mimi mwenyewe, tangu nimzike mume wangu, hakuna aliyekuwa ameniuliza. Wanauliza habari za nyumbani, nasema nzuri, tunapita.

Sijui kama watakuja Desemba hii. Lakini siku ile nilimjibu mkwe wangu ukweli, na hakukuwa na mtu katikati yetu.

"Not very well," nikamwambia. Akavuta kiti, nilikisikia kikiburuzika sakafuni kule kwao, akakaa, akasema nimweleze.